Kila Asubuhi Abdiwali Huondoka

Ruweyda alikuwa amefungua kitabu asome, kama ilivyo ada yake kila asubuhi baada ya kuita majina, Mursal aliposimama bila hata kunyoosha mkono.

"Mwalimu, huyu Abdiwali ya kitabu kila siku naenda tu! Hata mbuzi yetu narudi jioni."

Darasa zima likaangua kicheko. Ruweyda naye akatabasamu kidogo, akifunika mdomo kwa mkono uliokolea hina.

"Keti, Mursal. Leo sikiliza vizuri."

Akasoma. Kitabu kilikuwa chembamba, picha nyingi, maneno machache. Abdiwali wa Lafey alizunguka mabomani akiwaambia watu kwamba kitambulisho ni haki yao, si hisani ya afisa. Akalala nje ya ofisi pamoja na wazee walionyimwa. Akaambiwa anyamaze, akakataa. Kisha ikaja picha ya gari lisilo na namba, mlango wazi.

Hapo sauti ya Ruweyda ilishuka.

Nyuma ya darasa, juu ya mkeka, alikaa Hooyo Arbia, mama yake Abdiwali. Tangu ahamie hapa Eldas hakukosa kipindi hiki hata mara moja. Kusoma hakujui, na Kiswahili chake ni cha sokoni tu, kwa hiyo alifuata picha. Ukurasa mmoja ulikuwa umebaki, na Ruweyda hakuwahi kuufunua mbele yake. Angewezaje? Maskini, mzee wa watu, angeanguka palepale.

"Akapanda gari," akasema, "akaenda kuwatetea watu wa mbali."

Akafunga kitabu.

"Halafu akarudi?" akauliza Samsam, yule mdogo wa dawati la mbele.

"Tutaona kesho."

"Jana pia ulisema kesho."

Hooyo Arbia akainuka kwa kushika ukuta. Akaja mbele polepole, watoto wakikunja miguu kumpisha. Akakitwaa kitabu, akafunua ukurasa wa mwisho, akawaonyesha watoto: tuta la mchanga, mawe yamepangwa kulizunguka, na mgunga mmoja mkavu.

"Mwanangu amelala hapa," akasema kwa Kisomali. Sauti yake haikutetemeka.

Mursal aliinamisha kichwa.

"Hooyo, nilikuwa nakukinga," Ruweyda akanong'ona. "Niliuhofia moyo wako."

"Mimi nilishalia, binti yangu, mpaka machozi yakaisha. Wala siji hapa kwa ajili ya mwanangu. Nakuja kwa ajili yako." Akamshika mikono yote miwili. "Wewe bado hujakaa eda."

Ruweyda akawageukia watoto.

"Hakurudi," akasema. "Mume wangu amekufa."