Kofia ya Sufu

"Wewe nani?"

"Mwanao, mama."

"Mbwa wetu wa kwanza aliitwaje?"

"Tarumbeta."

Mlango ukafunguliwa. Fundi akakatiza sebuleni, akaingia jikoni kupasha chakula moto. Mama akamfuata nyuma, akasimama kizingitini.

"Wewe nani?"

Tangu kumbukumbu zianze kumtoroka mama, kila chumba kilikuwa na mtihani wake. Na kazi ya huyu fundi, mchana kutwa, ilikuwa kufunga mitandao isiyo na waya hospitalini, ili simu ya daktari itoke jengo hili iingie lile bila kuulizwa nywila mara mbili. Simu za watu zinapita. Yeye kwao anakwama jikoni. Zamani angecheka mpaka ashike mbavu. Siku hizi alijibu tu "Tarumbeta", kama mashine.

Kisha siku moja akavaa kofia nyekundu ya sufu, ile aliyomfumia mama enzi za shule. Hakuulizwa kitu. Sebuleni, jikoni, hata chumbani: "Pita, mwanangu." Kofia ikawa sare.

"Joto lote hili, kaka, na sufu kichwani?" Kipara, mwenzake wa kazini, alimtania.

"Ndiyo nywila yangu ya nyumbani."

"Ya kuvaa? Na akiivaa mwingine je?"

"Akamwibie mama nini, usingizi?"

Jioni moja mtandao wa hospitali ukazima wote. Fundi hawezi kutoka, mama hajala, hajameza dawa. Akavua kofia, akamshindilia Kipara mpaka masikioni.

"Nenda. Usiongee sana."

Baadaye ujumbe ukaingia: "Nimepita vyumba vyote. Dawa kameza. Ananiita mwanangu, ananilazimisha kula."

Fundi akausoma, akarudi kwenye mitambo yake. Alingoja moyo ushtuke. Haukushtuka.

Kazi ilipoisha alikwenda kwao, akagonga.

"Wewe nani?"

"Mwanao, mama. Tarumbeta."

Mlango ukafunguka kiasi cha jicho moja.

"Mwanangu yuko ndani, anakula."

"Kipara!" akaita. "Njoo na hiyo kofia."

Kipara akaja mbio, mdomo umejaa, akaufungua mlango wote na kuivua kofia amrudishie mwenyewe.

Mama akakitazama kile kichwa kinachong'aa. Akamtazama yule wa nje. Akaipokonya kofia, akaikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Mmempeleka wapi mwanangu?"