Jina Kiganjani

Mama aliingia kituo chetu cha kutibu uraibu wa kamari bila hata hodi. Niliharakisha kuufunika kwa kiganja ukurasa wa daftari la wagonjwa. Jina la mwisho kuandikwa, wino wake ulikuwa haujakauka.

"Mume wa dada yako anakuja hapa?"

"Siwezi kukwambia, Mama."

"Mimi niliyekuzaa ndiyo unanificha?"

"Hata wewe. Siri ya mtu haitoki hapa."

Alinitazama kama mtu baki. "Haya. Nipe mkono tuagane."

Nilifunga daftari. Jina la shemeji lilikuwa limejichapa kiganjani mwangu, kinyumenyume, lakini linasomeka.

Mkono wa Mama ulibaki hewani, ukinisubiri. Wangu niliutia mfukoni, nikakaza ngumi.

"Leo sitoi mkono, Mama."