Aliyelifunga Kongwa

Nyapara alikata roho kichwa kikiwa ndani ya pipa la rangi ya buluu, na kongwa halikufunguka.

"Kumbe si wewe," alisema Mwiba, binti aliyepewa jina hilo kwa ukali wake. Akamtemea mate, akachukua kisu chake.

Kila mtumwa wa kiwanda kile cha kutia nguo rangi alivaa kongwa la chuma shingoni, na kila kongwa lilikuwa na uchawi wenye sharti moja: lingefunguka tu siku atakapokufa aliyelifunga. Ndiyo maana siku ya kufungwa ulivishwa gunia kichwani. Utamuua nani, na hukumwona? Hila hiyo hata shetani angeipigia makofi.

Asubuhi hiyo Mwiba na wenzake walikuwa wamemchoma bwana mkuki, ngazini, mbele ya mbwa wake. Hapo ndipo walipojua mengine. Bwana akifa, makongwa yanaanza kubana. Wazee wawili walikuwa wameshalala uani, ndimi nje.

Mlinzi aliyebaki alikuwa juu ya paa akipiga risasi ovyo. Moja ilimpata mpishi, mama mkubwa wa Mwiba, akaanguka na mwiko wake mkononi. Papo hapo kongwa la mama yake Mwiba likafunguka, likadondoka. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kujiuliza kwa nini.

Mwiba alipanda paani. Mlinzi alikuwa mnene na alikufa kwa taabu. Kongwa la Mwiba likazidi kubana.

Alishuka akipepesuka. Mama yake alikuwa bado amesimama katikati ya nguo mbichi zilizoanikwa, shingo tupu, akilia bila sauti.

"Kimbia, Mama. Lango liko wazi."

"Nikimbie nikuache?"

"Nimeua watatu. Sijui amebaki nani." Mwiba alipiga magoti, pumzi inakwaruza. "Alikuwa anatetemeka mikono, yule aliyenifunga. Alizisogeza nywele zangu kando kwanza, zisibanwe na chuma. Mshenzi mwenye adabu. Nikimpata nitamuua polepole."

"Watoto waliokosa mtu aliyekubali kuwafunga walitupwa mtoni, mwanangu. Wewe ulikuwa na miaka sita."

"Usimtetee."

"Simtetei."

Midomo ya Mwiba ilikuwa imeanza kuiva buluu kama rangi ya pipani. Mama akakichukua kile kisu, akakifuta kwa upindo wa gauni, akamrudishia, mpini ukitangulia. Kisha akapiga magoti mbele yake, akanyoosha mikono inayotetemeka, akazisogeza nywele za binti yake kando, zisibanwe na chuma.

"Isiwe polepole, mwanangu," alisema.