Uso wa Mshika Mwavuli

Nondo walikuwa wamekula zulia la ukutani pale palipofumwa uso wa mtumishi aliyepiga magoti, akimshikia mwavuli mfalme wa Uchina. Bwana Anselmi, mwenye zulia, alimwita Suyin, fundi Mchina, aje azibe tundu.

"Mtie macho membamba na meno nje. Si ndivyo mlivyo?"

"Aliyelifuma aliwahi kufika kwetu?"

"Afike kufanya nini? Lilifumwa hapa hapa, na babu zetu walijua."

Suyin alimtazama yule bwana kitambo kirefu, usoni, kisha akainamia sindano yake.

Siku ya tatu Anselmi alikuja kuangalia. Mtumishi alikuwa amekamilika, magoti chini, mwavuli mkononi. Anselmi alisogea karibu, akaikazia macho pua ya mtumishi. Mkono wake ukapanda taratibu, ukapapasa pua yake mwenyewe.