Mrija wa Pili

Mrija wa pili nao ulikuwa unang'aa kijani. Sekunda aliuinua kutoka kwenye meza ya maabara, akaulinganisha na wa kwanza.

Alikuwa ametengeneza vifuko vya mafuta vya kuiga seli hai, vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Katika mrija wa kwanza alipandikiza protini, iliyobebwa na sabuni, kwenye kuta za vifuko, iwe mlango wa kupitisha chumvi. Chumvi ikiingia, kifuko kinang'aa. Mrija wa pili aliutilia sabuni ileile inayobeba protini, lakini protini yenyewe hakutia. Ulipaswa kubaki bila kung'aa, kuthibitisha kwamba ni protini inayopitisha chumvi.

Sabuni ile huondolewa taratibu, siku tatu. Yeye aliiondoa kwa siku moja, maana wageni wa kuja kuona kazi yake walikuwa njiani. Sabuni iliyobaki imetoboa kuta, chumvi ikapenya. Huenda mlango haujawahi kuwepo.

"Sekunda, mwanangu!" Profesa Lukindo aliita kutoka kwenye ngazi, sauti imejaa furaha. "Tunakuja! Uwaonyeshe ule mrija unaong'aa!"

"Upi, Profesa?"

"Kwani iko mingapi?"

Pipa la taka lilikuwa miguuni pake. Sekunda alisimama na mirija yote miwili kiganjani, inang'aa sawasawa, huku kitasa cha mlango wa maabara kikianza kuzunguka.