Toleo la Tisa Halimjui Lyndon

"Hayumo," alisema Elva, akigonga kioo cha kompyuta kwa ukucha. "Ijumaa iliyopita alikuwa hapa. Leo hayumo. Mmempeleka wapi mwanangu?"

"Usikigonge, shangazi. Hakitamtapika."

"Kisipomtapika nitakitandika."

Rhonelle alicheka, huku akiipekua orodha upya. Yeye ndiye aliyetunza hifadhi ya sauti pale kijijini, nyimbo na visa vya watu wa jangwani vilivyorekodiwa tangu enzi za kanda. Kila Ijumaa Elva alikuja, akavua kofia yake ya sufu, akamsikiliza mwanawe Lyndon, kwenye rekodi ya utotoni, akisimulia jinsi mbwa alivyoiba mkia wa kangaruu motoni. Sasa Lyndon alikuwa mtu mzima, yuko jela huko kusini kwa kosa la kuendesha gari bila leseni. Simu ya jela hukatika kabla salamu hazijaisha. Sauti ya kwenye kompyuta ilikuwa haikatiki.

Mchawi wa jambo hilo Rhonelle alimjua. Juzi, kijiji kizima kikiwa mazishini, fundi mmoja wa Sydney aliihamishia hifadhidata kwenye toleo la tisa bila kumuuliza mtu. Programu ya kusikilizia iliandikwa kwa ajili ya toleo la tano. Sasa viwili hivyo vilizungumza kama bibi na mjukuu aliyekulia kwa wazungu, kila mmoja akiambulia nusu. Ndiyo kawaida ya hao wazungu. Zamani waliwaandika wenyeji majaladani, wakawachukua watoto wao, halafu wakasema majalada yamepotea. Siku hizi hata kuja hawaji. Wanabonyeza wakiwa kwao.

Akampigia.

"Kwangu inafanya kazi vizuri tu," alisema yule fundi, Hamish. "Umejaribu kuizima na kuiwasha?"

"Na wewe umejaribu kuuliza kabla ya kushika vitu vya watu?" Rhonelle akakata simu.

Elva alipiga makofi. "Huyo sasa ndiye mtoto wa kaka yangu!"

Kwanza Rhonelle alikagua rekodi za marehemu. Hilo ndilo lililomnyima usingizi kila toleo lilipobadilishwa. Kwao mtu akifa, jina lake halitamkwi na sauti yake haisikilizwi mpaka familia iseme. Mtunzaji wa hifadhi wa upande alikofia huifunga rekodi yake siku hiyohiyo, na jina hubadilishwa kuwa Kunmanara, jina la kila aliyefariki. Msiba wenyewe hutangazwa na wakubwa wa ukoo, uso kwa uso. Si kwa simu, wala si na mtu mwingine yeyote. Marehemu mmoja akifunguka kwa kosa la mashine, atakayeomba radhi ni nani, Hamish?

Walikuwa wamefungwa wote. Kunmanara, Kunmanara, Kunmanara, mpaka chini ya kioo, na wengi wao vijana.

"Hawa salama," alisema. "Sasa wazima."

Wazima nusu yao hawakuonekana. Ilimchukua muda kugundua kwamba toleo la tisa halizijui zile herufi za lugha yao zenye mstari chini. Kila ambaye jina la kijiji chake lina herufi hizo alikuwa ametupwa kando kama takataka. Na jina la nyumbani kwa Lyndon lina herufi hizo.

"Nimempata adui, shangazi. Subiri uone."

Akaandika amri za kuzitafsiri, akaziendesha. Watu wakaanza kurudi. Alirudi mzee Hector na wimbo wake wa ng'ombe, wakarudi akina mama wa kwaya. Elva akamsalimu kila mmoja kana kwamba ameshuka garini.

"Karibu, mlevi wewe," alimwambia shemeji yake. "Bado una deni langu la sukari!"

Orodha ikafika mwisho. Lyndon hakurudi.

Rhonelle akaendesha amri tena. Hakurudi.

Utani ukamwisha Elva. "Watoto wa watu wote umewapata," alisema taratibu. "Wangu tu."

"Nitampata."

"Sikiliza, mwanangu. Yule wa jela simjui vizuri. Nikimuuliza, ndiyo. Nikimuuliza, hapana. Wamemnyamazisha. Huyu wa mbwa ndiye ninayemjua mimi. Akitoka nataka nimketishe hapa amsikie, akumbuke alikuwa nani. Godoro lake nimeshaanika. Huyu akipotea, nitamwonyesha nini?"

Rhonelle alivuta kabatini kompyuta kuukuu ambayo haikuwa imeunganishwa na kitu chochote, yenye toleo la tano lilelile, na nakala aliyoihifadhi wiki iliyopita. Feni yake ilikoroma kama mzee. Akatafuta jina.

Lyndon. Yupo.

"Mbwa akakimbia na mkia," sauti ndogo ilisema, ikihema kwa kicheko, "na mimi nikakimbia na mbwa, na mama akakimbia na mimi, na fimbo!"

Elva akacheka mpaka akajifuta macho kwa kofia. "Muongo! Fimbo nilikuwa nayo wapi? Lilikuwa kopo la chai!" Akaushika mkono wa Rhonelle na kuubusu. "Haya, mrudishe kwa wenzake."

Rhonelle akainakili rekodi, akaipeleka kwenye toleo la tisa. Likaikataa. Akasonya, akafungua maelezo ya kosa, akitegemea kuona herufi zilezile.

*Rekodi hii tayari ipo. Imefungwa leo asubuhi na mtunzaji wa kusini. Jina: Kunmanara.*

Akaisoma tena. Akakigeuza kioo cha kompyuta kikaelekea ukutani.

"Inasemaje?" aliuliza Elva.

"Matoleo hayapatani, shangazi."

"Basi yaache na ugomvi wao. Niwekee tena kidogo."

Rhonelle akamwekea.