Goti la Wiki ya Tatu

Mbwa alikuwa ameshachomoa shingo kwenye mkanda. Gethin alibaki na kamba tupu mkononi, akimtazama alivyojibana chini hatua tano mbele, masikio yamesimama, akingoja mluzi.

Bondeni, kondoo kumi na wanane walikuwa wamepenya ukuta wa mawe uliobomoka, wakila majani katikati ya reli.

"Mtume mbwa, bwana wee!" jirani alipiga kelele kutoka ng'ambo ya kijito. "Unangoja treni isimame ikuamkie? Zimebaki dakika sita tu ipite!"

Gethin alikuwa akiutazama ule mguu wa nyuma wa mbwa, ulionyolewa hadi pajani, na mshono mwekundu juu ya goti. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu daktari akate mfupa wa muundi, akauzungusha kidogo na kuufunga kwa bamba la chuma, ili goti lisimame bila ile kano iliyokatika. "Akikimbia kabla ya wiki ya nane," alimwambia, "bamba litang'oka, na mimi sitakuwa na mfupa wa kulifungia tena."

Mbwa aligeuza kichwa, akamtazama bwana wake.

Gethin alitia vidole viwili kinywani, akapuliza mluzi mmoja mrefu, ule wa kumwambia lala.

Mbwa alilala. Alitetemeka mwili mzima, akalia kwa sauti nyembamba, lakini tumbo lake halikubanduka kwenye nyasi.

"Umerukwa na akili, mzee?" jirani alifoka. "Sasa nani atawatoa? Wewe, na hayo magoti yako?"

Gethin alikuwa ameshaanza kuteremka, mbio.